Taarifa za mzigo zinavuka Busia, za mgonjwa zinakwama langoni

Kontena linapoondoka Mombasa kwenda Kampala, mlango wake hufungwa kwa lakiri ya kielektroniki. Ndani ya lakiri hiyo mna kifaa kinachotuma, kupitia mtandao wa simu, mahali lori lilipo. Tangu mwaka 2017 maofisa wa forodha wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakifuatilia mizigo ya namna hiyo katika mfumo mmoja. Lori likiacha njia, au mtu akiuchezea mlango, habari hufika kwa wanaohusika bila kungoja dereva afike mpakani. Lakini dereva huyohuyo akiwa na presha, kisukari au kifua kikuu, taarifa za matibabu yake hazivuki lango la Busia. Hubaki kwenye kompyuta ya hospitali ya upande mmoja, naye huingia upande wa pili kama mgonjwa asiyejulikana.

Tofauti hiyo haitokani na uhaba wa teknolojia. Vifaa vya afya vilivyounganishwa na intaneti vimekwisha kuingia katika nchi zote mbili na vinafanya kazi. Inatokana na uamuzi: serikali zilikubaliana kuhusu mzigo, hazijakubaliana kuhusu mgonjwa. Wafanyabiashara wa mpakani, ambao maisha yao ni kuvuka na kurudi, wana haki ya kudai makubaliano hayo. Wana haki pia ya kudai yaandikwe kwa masharti yatakayowalinda, kwa kuwa siri ya ugonjwa ikivuja sokoni, mteja na mkopo huweza kuondoka kwa siku moja.

Busia ni mji mmoja wenye lango katikati. Neno bodaboda lilizaliwa hapa katika miaka ya 1960, waendesha baiskeli walipokuwa wakiita abiria wa kuvushwa kutoka mpaka hadi mpaka. Wasamia na Waiteso wana ndugu, mashamba na makaburi pande zote mbili. Mahindi, maharagwe, mayai na ndizi huingia Kenya. Sabuni, mafuta ya kupikia na vyombo vya plastiki hurudi Uganda. Dagaa wa ziwani ni mukene upande mmoja na omena upande mwingine, na muuzaji hupiga hesabu ya shilingi mbili tofauti kichwani kabla mteja hajamaliza kuuliza bei.

Wagonjwa nao huvuka. Uganda ilifuta ada katika vituo vya afya vya serikali mwaka 2001, na wako Wakenya wanaovuka kwa ajili hiyo. Wako raia wa Uganda wanaokwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia kutafuta kipimo au daktari waliyemkosa karibu na nyumbani. Wengi hubeba historia yao ya ugonjwa katika daftari dogo la shule, lile ambalo muuguzi huandika tarehe, dalili na dawa. Daftari likiloa mvua, au likisahaulika ghalani, kila kitu huanza upya.

Vifaa vinavyoweza kuliondolea daftari hilo mzigo huo viko tayari. Kwa upande wa Kenya, tarehe 25 Septemba 2023 serikali ilizindua ugawaji wa vifaa kwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote. Katika mikoba yao mna mashine ya presha, kipima sukari, kipimajoto na mizani, na matokeo huingizwa kwa simu janja katika mfumo wa afya ya jamii unaoitwa eCHIS. Uganda, iliyoanzisha timu za afya za vijiji mwaka 2001, nayo inajenga mfumo wake wa simu wenye jina hilohilo, eCHIS. Mtu wa Malaba anaweza kupimwa presha akiwa kwake, na kipimo kikaonekana kituoni bila yeye kupanda pikipiki.

Maabara nazo zimebadilika. Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha Desemba 2010 kwa kupima kifua kikuu, inatumika Kenya na Uganda. Hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, na husema pia kama vijidudu vimekuwa sugu kwa rifampicin, mojawapo ya dawa kuu za ugonjwa huo. Ikiunganishwa na intaneti, hutuma majibu moja kwa moja kwa wanaohitaji kuyaona. Huko Mbarara, magharibi mwa Uganda, watafiti wamewahi kuwapa watu wanaoishi na VVU kisanduku cha dawa ambacho kila kikifunguliwa hutuma ishara kwa mtandao wa simu, ili mtu akikosa dozi kadhaa ajulikane mapema, kabla hali yake haijaharibika.

Faida ya vifaa hivi ni kwamba havisahau. Kipimo cha leo hukaa karibu na cha mwezi uliopita, na anayetibu huona mwelekeo. Presha na kisukari haviwezi kudhibitiwa kwa kipimo kimoja, wala kifua kikuu hakiponi kwa wiki moja ya dawa. Ni magonjwa yanayohitaji mtu kufuatwa, naye mfanyabiashara wa mpakani ni mtu mgumu kumfuata.

Mfano ni mwanamke wa Tororo anayevusha trei za mayai kwenda Busia ya Kenya. Amegunduliwa na kifua kikuu, ameanza dawa za miezi sita, na jina lake limo katika mfumo wa hospitali ya kwao. Mwezi wa tatu soko linampeleka Bungoma, kisha Kisumu, na wiki mbili zinapita. Dawa zinamwishia. Anaingia kituo cha afya cha karibu na kueleza shida yake. Mhudumu hana njia ya kujua ni dawa gani alizopewa, kwa kiwango gani, wala kipimo cha kwanza kilisema nini juu ya usugu. Ama atampima upya na kumwanzisha mwanzo, ama atamwambia arudi alikotoka. Kwenye kompyuta ya Tororo, mwanamke huyo ameandikwa kuwa mgonjwa aliyepotea. Kwenye kompyuta ya Kenya hayupo kabisa. Mifumo yote miwili imefanya kazi yake sawasawa, na bado mgonjwa amekatizwa dawa.

Kukatizwa huko kuna bei. Kifua kikuu kilichoachwa katikati huweza kurudi kikiwa sugu, na matibabu yake huwa marefu na magumu zaidi. Kwa mfanyabiashara mdogo, mwezi mmoja wa kulala kitandani unatosha kumaliza mtaji, na deni la mwenye ghala halingoji. Kwa jirani yake sokoni, ugonjwa usiotibiwa ni ugonjwa unaoambukiza. Hakuna upande wa lango unaofaidika.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba mifumo hii ni ya ukoo mmoja. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, madaktari wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianza kuhifadhi taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta. Kutokana na kazi hiyo ya magharibi mwa Kenya ilizaliwa, mwaka 2004, programu huria ya OpenMRS, ambayo leo inatumika katika nchi nyingi duniani. Mfumo wa KenyaEMR umejengwa juu ya OpenMRS. Mfumo wa UgandaEMR umejengwa juu ya OpenMRS. Takwimu za wizara zote mbili hukusanywa kwa programu moja, DHIS2, na hata mifumo ya simu ya wahudumu wa jamii imejengwa kwa zana zilezile. Ni ndugu wawili wanaosema lugha moja, wamejengewa ukuta katikati, na kila mmoja anazungumza peke yake.

Kuna watakaosema kwamba kuunganisha taarifa za afya za nchi mbili ni kazi ya vizazi. Mwaka 2020 unawajibu. Aprili mwaka huo Uganda ilianza kuwapima virusi vya korona madereva wote wa malori mipakani. Foleni ya Malaba ilirefuka kwa makumi ya kilomita, madereva wakalala barabarani siku kadhaa wakingoja majibu, na cheti cha nchi moja kikakataliwa na nchi nyingine. Bidhaa zilipoanza kukwama, Jumuiya ya Afrika Mashariki haikungoja kizazi. Mwaka huohuo ilianzisha mfumo wa kufuatilia mizigo na madereva, ambamo majibu ya kipimo cha dereva yaliingizwa na kuonekana kwa njia ya kielektroniki katika nchi zilizojiunga, na dereva akabeba uthibitisho kwenye simu yake.

Somo la kwanza la mwaka ule ni kwamba inawezekana: nchi za Jumuiya zilikubali jibu la maabara la nchi jirani, na zilifanya hivyo ndani ya miezi, si miaka. Somo la pili ni chungu zaidi. Mfumo ule ulitengenezwa ili mzigo usogee. Dereva aliingizwa humo kama sehemu ya lori. Mama wa nyanya, kijana wa mitumba na mchuuzi wa dagaa, wanaovuka kwa miguu, hawakuwa na mfumo wowote. Kwao mpaka ulifungwa kwa miezi kadhaa, na waliothubutu wakapita njia za panya. Afya ya mtu ilipewa mtandao pale tu ilipokuwa kikwazo kwa kontena.

Hata leo, katika kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichofunguliwa rasmi na marais wa Kenya na Uganda tarehe 24 Februari 2018, msafiri hukutana na forodha, uhamiaji, wakaguzi wa ubora na maofisa wa afya ya mipakani. Maofisa hao wa afya wana kazi muhimu. Uganda ilikabili mlipuko wa Ebola kuanzia Septemba 2022 na mwingine kuanzia Januari 2025, na mpox ilitangazwa kuwa dharura ya kimataifa Agosti 2024. Lakini kazi yao ni kuilinda nchi dhidi ya ugonjwa wa msafiri. Hayupo langoni hapo mtu ambaye kazi yake ni kumsaidia msafiri mwenyewe aendelee na dawa zake.

Sheria ya kufanya hivyo ipo. Ibara ya 118 ya Mkataba wa kuanzisha Jumuiya, uliotiwa saini mwaka 1999, inazitaka nchi wanachama kuoanisha sera za afya na kubadilishana taarifa za afya. Tume ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki, yenye makao Bujumbura, iliandaa mpango wa afya ya kidijitali wa Jumuiya nzima, uitwao Digital REACH, wa miaka ya 2019 hadi 2028. Sehemu kubwa ya muda huo imekwisha pita. Mfanyabiashara wa Busia akiulizwa mpango huo umembadilishia nini, atauliza ni mpango gani.

Kwingineko jambo hili limekuwa la kawaida. Tangu Januari 2019, mtu wa Ufini anaweza kuvuka bahari hadi Estonia na kuchukua dawa katika duka la dawa kwa agizo la kielektroniki lililoandikwa na daktari wake nyumbani. Nchi hizo mbili hazikuunganisha hospitali zao zote kwa mkupuo. Zilianza na agizo la dawa, jambo dogo linaloeleweka, kisha zikasonga mbele. Busia na Tororo zinaweza kuanza hivyohivyo.

Kabla ya kuanza, hofu za watu zinastahili jibu la kweli, kwa sababu si hofu za bure. Ya kwanza ni siri. Mtu anayetumia dawa za VVU, au aliyewahi kuwa na kifua kikuu, ana sababu ya kuuliza nani ataiona taarifa yake. Je, ofisa wa uhamiaji ataisoma? Mkusanya ushuru je? Mwenye chama cha mikopo? Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za Kenya na Uganda, za mwaka 2019, zinaweka masharti kabla taarifa hazijatoka nje ya nchi, kama vile ulinzi wa kutosha na ridhaa ya mwenye taarifa. Kenya imeongeza Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023. Na wananchi wameonyesha kwamba jambo hili hawalichezei: Desemba 2025, baada ya kesi kufunguliwa, Mahakama Kuu ya Kenya ilisimamisha kwa muda sehemu ya mkataba wa afya kati ya Kenya na Marekani iliyohusu kutoa taarifa za wagonjwa.

Ridhaa nayo ina maana mgonjwa anapoelewa anachokubali. Fomu ya kurasa nane kwa Kiingereza cha mawakili, inayotiwa alama ya kidole dirishani, si ridhaa. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hapa ndipo uamuzi huo unapaswa kuonekana. Swali la ridhaa liulizwe kwa Kiswahili chepesi, na kwa Kisamia, Kiteso na Kidhopadhola inapobidi, na mgonjwa awe na uwezo wa kusema hapana bila kunyimwa tiba.

Hofu ya pili ni umeme na mtandao. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, Uganda ilizima intaneti kwa siku kadhaa. Julai 2023, mashambulizi ya mtandaoni yalikwamisha huduma za eCitizen nchini Kenya, na watu wakarudishwa kwenye madirisha wakiwa wamelipa lakini hawana stakabadhi. Kifaa cha afya kinachokufa intaneti inapozimwa ni hatari zaidi ya daftari, maana daftari halihitaji chaji. Kwa hiyo mfumo wa mpakani lazima uweze kufanya kazi bila mtandao: kipimo kihifadhiwe ndani ya kifaa, kitumwe mtandao ukirudi, na mgonjwa atembee na muhtasari wake mwenyewe, kwenye simu au kwenye kadi ya karatasi yenye alama ya kusomwa kwa kamera. Vifaa pia viwe na nywila zinazobadilishwa na mtu anayewajibika. Mashine iliyoachwa na nywila ya kiwandani ni kama duka lililoachiwa ufunguo mlangoni.

Hofu ya tatu ni pesa. Sehemu kubwa ya mifumo ya VVU na kifua kikuu katika nchi zote mbili ilijengwa na kuendeshwa kwa fedha za wafadhili, hasa Marekani. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na vituo vingi vikajikuta havijui nani atalipa karani, intaneti au fundi. Mfumo unaotegemea mfuko wa mtu mwingine huzimika mtu huyo anapobadili nia. Kama serikali zinalipia mifumo ya forodha kwa sababu inaleta ushuru, zinaweza kulipia mfumo unaomweka hai mlipa ushuru.

Hofu ya nne husemwa kwa sauti ya chini, lakini ndiyo nzito kuliko zote: vifaa si tiba. Mashine ya presha haina kidonge ndani yake. Kituo kinachopokea muhtasari mzuri wa mgonjwa kisha kumwambia dawa zimekwisha kimempa karatasi badala ya afya. Kuunganisha taarifa kuende sambamba na makubaliano ya dawa: mgonjwa wa upande mmoja apewe dawa za kumvusha wiki mbili upande wa pili, na wizara mbili zimalizane hesabu zenyewe kwa zenyewe. Taarifa ndizo zitakazowezesha hesabu hiyo, kwani kila dozi itakuwa imeandikwa.

Basi kinachodaiwa ni kidogo na kinaweza kupimwa. Wizara za afya za Kenya na Uganda zichague vituo vichache vya kuanzia: Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia na Alupe kwa upande wa Kenya, Hospitali Kuu ya Masafu na Hospitali Kuu ya Tororo kwa upande wa Uganda. Zianze na magonjwa machache yanayohitaji mwendelezo: kifua kikuu, VVU, presha na kisukari. Kinachovuka kisiwe faili zima. Kiwe muhtasari: ugonjwa, dawa na kiwango chake, kipimo cha mwisho na tarehe yake, dawa ambazo mwili wa mgonjwa huzikataa. Muhtasari ufunguliwe na mgonjwa mwenyewe kwa namba yake ya siri, mbele ya mhudumu wa afya.

Utambulisho hauna haja ya kubuniwa upya. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanasafiri kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Kama kadi hiyo inatosha kumvusha mtu langoni, inatosha kuoanisha muhtasari wake na jina lake. Sharti moja liandikwe bila kuachiwa tafsiri: ofisi ya uhamiaji, mamlaka ya mapato na polisi wasiwe na mlango wa kuingilia taarifa hizo. Mtu akihisi kwamba kupimwa kifua kikuu kutamfanya azuiwe mpakani, hatapimwa. Atapita njia ya panya na kikohozi chake, na mfumo utabaki na takwimu nzuri za watu wazima wasio na ugonjwa.

Katika kituo cha pamoja cha Busia kuna dawati la habari za biashara, linalowaeleza wafanyabiashara wadogo juu ya cheti cha asili cha bidhaa na utaratibu rahisi wa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000. Utaratibu ule ulipoanza wengi hawakuuamini. Ulizoeleka kwa sababu palikuwa na mtu wa kuueleza, dirishani, kwa lugha ya mteja. Kando ya dawati hilo pawekwe la afya, lenye muuguzi mmoja kutoka kila upande, mashine ya presha, kipima sukari na simu ya kupigia kituo cha mgonjwa. Gharama yake ni ndogo, na litafanya kazi tangu siku ya kwanza, hata kabla kompyuta hazijaanza kuzungumza.

Wafanyabiashara nao wana la kufanya wakati wakingoja. Anayetumia dawa za kila siku ajue jina la dawa yenyewe, si rangi ya kidonge wala jina la kibiashara tu, kwa kuwa majina ya kibiashara hubadilika mtu akivuka. Apige picha ya daftari lake na pakiti za dawa, aziweke kwenye simu yenye nywila, na nakala aiache kwa mtu anayemwamini. Kabla ya safari ndefu amwambie muuguzi siku atakazokuwa nje, aombe dawa za kutosha na barua fupi ya rufaa. Akitumia mashine yake ya presha ya kununua dukani, aandike namba na tarehe, na akumbuke kwamba mashine hiyo humpa habari za kumpelekea daktari, haimpi ruhusa ya kuacha dawa.

Lakini tahadhari za mtu mmoja mmoja haziwezi kuchukua nafasi ya makubaliano ya nchi mbili. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vilipiga kelele juu ya ushuru, juu ya vyeti, juu ya saa za kufungua lango, na mara kadhaa vilisikilizwa. Afya haijawahi kukaa juu katika orodha ya madai yao, kwa sababu ugonjwa huonekana kuwa jambo la nyumbani. Si la nyumbani tena mtu anapofanya kazi katika nchi mbili. Kila mwaka, mwezi wa Juni, bajeti za Nairobi na Kampala husomwa. Kabla ya Juni ijayo, wabunge wa pande hizi mbili, madiwani wa Busia, viongozi wa wilaya ya Tororo na wawakilishi katika Bunge la Afrika Mashariki waulizwe swali moja, hadharani: katika vitabu vya bajeti, ni wapi palipoandikwa fedha za kumvusha mgonjwa pamoja na matibabu yake? Kiongozi asiyeweza kuonyesha ukurasa huo amekwisha kujibu.